ULIMI WA GANZI: Vikombe Vitatu vya Mama Miwani

"Usimeze!"

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu. Fundi wa mashine kasimama mlangoni pa chumba cha kuonjea, kopo la dawa ya kusafishia mkononi, macho yamemtoka pima. Na Ulimi, mwonja kahawa anayesifiwa kuliko wote mjini, kashika kikombe kilichobaki nusu.

Barua zenu nimezipata. Kuna mmoja wenu ameshamwombea marehemu. Tulizeni mioyo, Ulimi hakufa, ila balaa lililompata lilikuwa na mkia mrefu zaidi ya kifo.

Alikuwa ameshameza.

Tena alikuwa ameshasema. "Tamu," alisema, sekunde tatu kabla ya ukelele ule. "Ina ndimu kwa mbali, na mwishoni sukari guru."

"Mashine sijaisuuza!" Fundi alihema. "Dawa bado imo humo ndani! Nimekwenda kuchukua kitambaa tu, narudi nakuta mtu ameshakamua kikombe!"

Huyo mtu alikuwa Shemeji, mwenye mkahawa, aliyefanya haraka ili kumfurahisha mgeni. Haraka haraka haina baraka, na leo ilikuwa na povu. Alimpokonya Ulimi kikombe, akaonja tone moja, akakimbilia sinki.

"Sabuni!" akatema. "Sabuni tupu!"

Mgeni mwenyewe, Mama Miwani, hakuwa mtu wa kusimuliwa. Alichukua kikombe kilekile, akafyonza kwa kelele kama waonjaji wanavyofyonza, uso ukamkunjika, akatema ndooni. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaiweka mezani.

"Ndimu," alisema taratibu. "Umesema ina ndimu."

Fundi alikuwa ameshaleta jagi. "Sukutua kwanza. Sasa kunywa. Kunywa tena, kwenye kopo wameandika maji mengi. Unajisikiaje?"

"Sijisikii kitu," Ulimi akajibu.

Hakuna aliyejua kwamba jibu hilo lilikuwa kweli tupu.

Wewe uliyeanza kusoma leo, sogea nikudokeze. Jina la Ulimi alipewa na dada yake, mke wa Shemeji, aliyekuwa akikaanga kahawa ya mkahawa huu kwa mkono wake. Dada amefariki yapata miezi mitano, baada ya kuugua muda mrefu. Tangu siku ya mazishi Ulimi haonji ladha ya chochote. Si chumvi, si sukari, si ndimu. Wala hajalia. Amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa, ila huu haujaanza hata kuwasha. Hakumwambia mtu. Kila Shemeji alipokaanga na kumletea kijiko akiuliza, "Ndiyo hii?" yeye alijibu, "Ndiyo hii." Alikuwa akiongopa kila siku.

Na Mama Miwani ndiye anayepita mkahawa kwa mkahawa kila mwaka, akichagua kahawa kumi za mji. Kahawa ya Dada imekaa kwenye orodha yake miaka saba, na kibao chenye jina hilo kimetundikwa juu ya kaunta. Leo ndiyo siku ya kuamua kama kibao kitabaki au kitashuka. Ulimi hakuomba kitu kingine duniani. Kibao kikishuka, Dada atakuwa amezikwa mara ya pili.

Sasa turudi chumbani, watu wamenuna.

Ulimi aliisubiri hofu ije. Aliisubiri kama mtu kituoni anayesubiri gari, nayo ikapita njia nyingine. Kwa kuwa haikuja, alitabasamu.

"Nilikuwa nawatania, mama," alisema. "Nimekuta sabuni kikombeni mbele ya mgeni, ulitaka nipige yowe? Nikasema ngoja niwaone na wenzangu, kama wana ndimi au wana mapambo."

Kisha Mama Miwani akaangua kicheko hadi akashika meza.

"Mjanja wewe! Dada yako aliniambia, huyu mdogo wangu ana maneno." Kicheko kikakatika ghafla kama kilivyoanza. "Haya, tucheze basi. Vikombe vitatu. Viwili ndugu wa kahawa moja, kimoja mgeni. Mimi ulimi wangu umeshaharibiwa na hiyo sabuni, kwa saa nzima siwezi kuonja hata chumvi. Utanionjea wewe. Ukimpata mgeni, kibao kinabaki. Ukimkosa..."

"Nikimkosa?"

"Wateja wananong'ona, mwanangu. Wanasema Kahawa ya Dada siku hizi ni jina tu."

Shemeji alikwenda kuandaa nyuma ya pazia. Ulimi alisikiliza. Alisikia kinu kikisaga. Alisikia maji yakimwagwa kwa birika la shingo ndefu. Sikio halikumwambia lolote.

Vikaja vikombe vitatu juu ya sinia. Shemeji aliweka cha kushoto, kikagonga meza. Akaweka cha kulia, nacho kikagonga. Cha katikati alikiweka polepole, kidole kikikawia kwenye mkono wa kikombe.

Nimekuona, Ulimi akasema moyoni.

Alifyonza cha kwanza kwa kelele, akatema. Maji ya moto. Cha pili, maji ya moto. Cha tatu, maji ya moto. Alifumba macho kama mtu anayefikiri, akahesabu mpaka saba, akafumbua.

"Cha katikati."

Mama Miwani akamgeukia Shemeji. "Ni kweli?"

Shemeji hakupepesa jicho. "Ndicho."

Fundi akapiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha. Mama Miwani aliwapa wote mikono, akabeba mkoba wake mkubwa, akashuka ngazi akisema orodha ataitoa Jumatatu. Mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake.

"Tumepona," Fundi akasema.

"Vyote vilikuwa kimoja," akasema Shemeji.

"Nini?" Ulimi akauliza.

"Vikombe. Kahawa moja, kinu kimoja, birika moja. Hakukuwa na mgeni, shemeji. Nilitaka uniambie, mbona vyote ni sawa? Nilikuwa naomba Mungu useme hivyo. Ukasema cha katikati."

Ulimi alitazama sinia.

"Mbona umenikingia kifua?"

"Sikukukingia wewe. Lile jina ukutani ni la mke wangu." Alivuta kiti, hakukikalia. "Tangu lini?"

"Tangu mazishini. Nilikunywa chai ya moto mpaka mdomo ukababuka. Sikujua, mpaka jioni nilipojitazama kwenye kioo."

"Miezi mitano!" Sasa sauti ilimpanda. "Miezi mitano naamka alfajiri nakaanga, nakuja na kijiko kama mwanafunzi na daftari lake. Ndiyo hii? Ndiyo hii! Wateja wananikimbia mmoja mmoja, mimi najiambia labda wamechoka na sura yangu. Kumbe nauza maji ya magunia! Kwa jina lake!"

"Siku ya kwanza niliposema ndiyo hii, ulikaa chini ukalia," Ulimi akasema. "Ukasema sasa utalala. Nisingeweza kulirudisha neno baada ya hapo."

"Na wewe hukulia."

"Hapana."

"Hata leo? Hata sasa hivi, ninavyokupigia kelele?"

Ulimi alijipekua kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. "Hata sasa," akasema. "Nisamehe. Najua ni vibaya. Kujua najua, kuumia ndiyo siumii."

Ugomvi wa nyumbani humpa mgeni kazi ya mikono. Fundi, asiyejua aangalie wapi, alikuwa amepanda kwenye kigoda akateremsha kitu kilichofunikwa kitambaa juu ya rafu. Skrubu zikaanza kulia kwenye sahani ya bati.

Shemeji akageuka. "Hicho nini? Usikiguse!"

"Nimeshakifungua, bosi."

Kilikuwa kinu cha Dada. Kile cha kwake, kilichoanza nao kabla mkahawa haujawa na viti. Tangu siku aliyoishiwa nguvu kwenye kaunta, hakuna aliyekiwasha. Shemeji alikuwa amekipiga marufuku hata kupanguswa vumbi.

"Hivi vinu vya zamani vina choyo," Fundi alisema haraka haraka, kabla hajafukuzwa. "Ukisaga havikupi yote. Nyingine vinaiweka kooni. Angalieni."

Waliangalia. Kooni mwa kinu, mbele ya meno, zilikuwa zimekwama buni za siku ya mwisho ya Dada. Nyeusi kiasi, zinang'aa mafuta. Shemeji alizikung'uta kwenye mizani kwa brashi, punje kwa punje. Gramu kumi na tano. Kikombe kimoja, basi.

Fundi alikuwa amekipindua kifuniko cha kinu, na ndani yake kulikuwa kumebandikwa vipande vya utepe wa karatasi, vimejaa mwandiko mdogo wa Dada, kimoja kwa kila mkaango.

Shemeji alisoma kwa sauti. "'Ya saba. Ulimi kasema bado.' 'Ya nane. Ulimi kasema imepitiliza.' 'Ya tisa. Ulimi kasema ndiyo hii.'" Kidole kikasogea pembeni. "Na hapa kuna kimoja kimebanduliwa. Imebaki gundi tu."

Ulimi hakujali gundi. "Mbona hakuna palipoandikwa yeye kaonja?"

Shemeji alikaa sasa. Hasira ilimtoka, akabaki mtu mzima aliyechoka.

"Kwa sababu alikuwa haonji," alisema. "Mwaka mzima wa mwisho. Dawa zilimla ulimi. Alikuwa anatia chumvi mara mbili kwenye mboga, mimi namsema eti ameanza usahaulifu, mpaka akaniambia. Akanikataza nisikwambie."

"Lakini alikuwa ananipa kijiko. Ananiuliza ndiyo hii..."

"Alikuwa anakuuliza kweli, shemeji. Wewe ulidhani anakupima. Watu walidhani anakusifu kwa jina hilo. Alikuita Ulimi kwa sababu ulikuwa ndio ulimi wake. Ile kahawa iliyopata sifa mwaka jana, iliyopigiwa makofi, haikuwa ya Dada. Ilikuwa ya kwako."

Mnatazamia Ulimi aanguke chini. Hata mimi nilitazamia. Hakuanguka. Alisimama palepale, mkono juu ya kinu, akasema kwa sauti ileile ya kuagiza sukari, "Basi mimi ndiye niliyeipoteza."

Shemeji alisaga zile gramu kumi na tano kwenye kinu chenyewe, akalowesha chujio la karatasi, akamimina maji kwa kuzungusha, kidogo kidogo, mpaka jagi la kioo likapata kikombe kimoja. Alionja funda. Akampa Fundi funda.

"Chungu," Shemeji akasema. "Imekaa mno."

"Chungu," Fundi akakubali, akaangalia pembeni.

"Onja na wewe," Shemeji akamwambia Ulimi.

"Mtaipoteza bure," Ulimi akasema. "Iliyobaki ni hiyo tu."

"Ni bora ukubali umeipoteza," ikasema sauti mlangoni, "kuliko kuificha."

Mama Miwani. Alikuwa amerudi, na mkoba wake, na pumzi za ngazi.

"Nimesahau miwani," alisema. Kweli ilikuwa mezani, pale alipoiweka. Aliivaa bila haraka, akamtazama Ulimi kwanza. "Nilifika ngazi ya chini nikajiuliza swali moja. Mimi nilionja sabuni tone moja, nikatema, na ulimi wangu ukafa saa nzima. Huyu alimeza funda. Dakika tano baadaye ananichagulia kikombe! Mwonja mwenye ulimi angekataa. Angeniambia, mama, niache, sabuni imeniharibu. Wewe ulikubali mara moja."

Hata Shemeji alikuwa hajaliona hilo. Alijipiga paji la uso.

"Ni kweli," Ulimi akasema. "Sina ulimi. Kishushe kibao."

"Sijaja kushusha kitu. Keti." Mama Miwani alifungua mkoba. "Nipe kitambaa. Sasa najua uliiba kwa macho, na mimi nina macho mabovu, tutalingana."

Alimfunga Ulimi kitambaa cha kupangusia vikombe, kikamfika puani. Gizani, Ulimi alisikia vikombe vikipangwa, kizibo kikifunguliwa, vitu vikimiminwa. Hakuna kikombe kilichogonga kwa nguvu kuliko kingine. Mama yule alijua kazi.

"Vitatu tena," alisema. "Safari hii simtaki mgeni. Nitafutie dada yako."

Kikombe cha kwanza kikawekwa mkononi. Ulimi alifyonza. Maji ya moto.

Akapewa cha pili. Alifyonza. Maji ya moto. Alitaka kukirudisha, na mkono ukasita, kwa sababu ubavuni mwa ulimi kulikuwa kumeanza kitu kama sindano. Si ladha. Ni ule mwasho wa mguu uliokaliwa, damu inapoanza kurudi, mtu anataka kupiga kelele na kucheka kwa pamoja. Alifyonza tena. Sindano zikawa nyingi. Halafu, nyuma ya sindano, mbali sana, ikaja ndimu. Na mwishoni kabisa, baada ya kumeza, sukari guru.

Iliuma. Mama yangu, iliuma. Alimwona Dada amesimama mbele yake na kijiko, kilemba kimekaa upande, anasubiri. Anasubiri kwa dhati, kama mtu asiyejua jibu. Kwa mwaka mzima alikuwa amesimama hivyo, haonji kitu, akimwamini mdogo wake.

Kitambaa kililowa.

"Hii," Ulimi akasema, sauti ikakatika. "Hii hapa. Ndiyo hii."

Kisha akamsikia Mama Miwani akiketi kwa uzito.

"Hicho si cha kinuni, mwanangu. Cha kinuni ulikionja kwanza, na cha tatu ni cha shemeji yako. Hicho cha pili nimekuja nacho mimi, kwenye chupa ya chai. Nimekinunua leo hii ng'ambo ya barabara, kwenye ule mkahawa mpya uliofunguliwa mwezi uliopita."

"Shemeji, basi," Shemeji akasema kwa upole, upole ule wa kumwambia mgonjwa. "Imetosha. Usijitese."

"Onja!" Ulimi akamnyooshea kikombe.

"Nimesema imet..."

"Shemeji, kwa miezi mitano nimekudanganya na ukaniamini. Sasa nakwambia kweli. Onja!"

Alionja. Ulimi alisikia funda likishuka kooni kwake, kisha akasikia kiti kikisukumwa nyuma, kikaanguka.

"Nani anakaanga huko?" Shemeji akauliza.

"Hilo ndilo lililonileta kwenu leo," Mama Miwani akasema. "Yule mhudumu wao alinificha jina. Alisema tu mkaangaji wao huja alfajiri, na mchana anazunguka mjini kutengeneza mashine za watu."

Ulimi alivua kitambaa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta, alikuwa ameyakosa siku nyingi. Kwa macho yaliyojaa maji aliangalia lile pengo la gundi kwenye kifuniko cha kinu. Halafu akaangalia mlangoni.

Fundi alikuwa ameshavaa begi lake la vifaa, mkono uko kwenye kitasa.

"Kipande cha utepe kiko wapi?" Ulimi akamuuliza.

Fundi alimtazama uso, akayatazama yale machozi, moja moja, kama mtu aliyekuwa ameagizwa kuyasubiri. Aliliachia begi likashuka sakafuni.

"Sikuiba," alisema. "Dada yako alinipa mwenyewe, kwa mkono wake, wiki ile ya mwisho. Akanikataza nisikwambie mpaka siku nitakayokuona unalia." Akaingiza mkono ndani ya koti. "Na si utepe tu alionipa."